Mbunge wa upinzani anaweza kutunga sheria ya ustawi, au kazi yake inaishia kwenye hotuba? (Taulo za kike: Uskoti na kwetu)

#1 Mwalimu wa Kiboriloni (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Ninaomba tulijadili jambo hili bila kuvutana kwa vyama.

Tarehe 24 Novemba 2020 Bunge la Uskoti lilipitisha, kwa kura 121 bila hata moja ya kupinga, sheria inayozitaka halmashauri kuhakikisha kwamba kila mwenye kuhitaji taulo za kike anazipata bure, na shule na vyuo kuziweka mahali ambapo mwanafunzi atazichukua pasipo kumwomba mtu. Aliyeleta muswada huo hakuwa waziri. Alikuwa Monica Lennon wa chama cha Labour, ambacho huko kilikuwa upinzani. Walioshika serikali walikuwa chama cha SNP. Sheria yenyewe ilianza kutumika kikamilifu Agosti 2022.

Nirudi nyumbani. Hapa kwetu wabunge wanawake walilisemea sana suala hilohilo, na Upendo Peneza, aliyekuwa mbunge wa viti maalumu kupitia CHADEMA kati ya 2015 na 2020, alikuwa miongoni mwa waliolishikilia zaidi. Mwaka 2018 Serikali ikaondoa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwenye taulo za kike, na mwaka 2019 ikairudisha. Tumebaki na kumbukumbu ya mjadala, sheria hatuna.

Dai langu ni kwamba wabunge wetu wa upinzani, wakiwamo wa huku kaskazini tuliowachagua mfululizo tangu mwaka 1995, wametumia nguvu nyingi kuhutubia na kidogo mno kuandika sheria. Ni muswada gani wa ustawi, usawa au haki za binadamu ulioletwa na mbunge wa upinzani ukawa sheria ya nchi hii? Mwenye kuujua autaje.

#2 Duka Mbuyuni (Moshi)

Mwalimu, mimi nauza hizo taulo. Mwaka ule VAT ilipoondolewa, muuzaji wangu wa jumla hakushusha bei hata shilingi, na nilipomuuliza alinijibu kwamba mzigo aliokuwa nao aliununua kwa bei ya zamani. Mzigo mpya ulipofika bei ikabaki palepale. Hivyo kabla hatujagombania nani alistahili sifa, tujiulize kwanza kama kulikuwa na kitu cha kusifia.

#3 Wakili wa Sekei (Arusha)

Swali la Mwalimu ni zuri, lakini limeiruka Katiba. Ibara ya 99 inalizuia Bunge kushughulikia muswada unaotoza kodi, au unaotaka fedha zitoke katika Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali, isipokuwa Rais awe amependekeza jambo hilo lishughulikiwe na pendekezo lake liwe limewasilishwa na waziri. Kugawa taulo bure katika shule zote za umma ni matumizi ya Hazina. Mbunge asiye waziri, awe wa upinzani au wa CCM, hawezi kuleta muswada wa namna hiyo kwa hiari yake hata kama ameuandika vizuri namna gani.

Hata hivyo, isomeni ibara hiyo mpaka mwisho. Inapotaja kubadilisha kodi, inaacha nje kupunguza kodi. Maana yake mlango wa kugawa bure umefungwa na mlango wa kupunguza kodi uko wazi. Kwa maoni yangu ndiyo sababu hoja ya taulo za kike ilipata upenyo kwenye VAT na si kwenye ugawaji. Waliopigania jambo hili walipita palipopitika, na kuwalaumu kwamba hawakuleta sheria ya ugawaji ni kuwalaumu kwa kuitii Katiba.

#4 Mzee wa Majengo (Moshi)

Ninawasalimu wote. Mwalimu kijana, tangu mwaka 1995 mfululizo ni kwa Moshi Mjini peke yake. NCCR-Mageuzi walilichukua jimbo mwaka 1995, kisha Philemon Ndesamburo wa CHADEMA akalishika kuanzia 2000 hadi 2015, na baada yake Jaffary Michael hadi 2020. Arusha Mjini walimchagua Makongoro Nyerere kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi mwaka huohuo wa 1995, lakini ushindi wake ulitenguliwa mahakamani, jimbo likarudi CCM na kukaa huko mpaka Godbless Lema wa CHADEMA alipolichukua mwaka 2010. Hai nayo ilikuwa na Freeman Mbowe kuanzia 2000 hadi 2005, akatoka, akarudi 2010. Kwa hiyo usituweke wote katika kapu moja.

Katika suala lako, ninamtaja James Mbatia wa NCCR-Mageuzi. Tarehe 31 Januari 2013 aliwasilisha bungeni hoja binafsi kuhusu udhaifu katika sekta ya elimu, akihoji mitaala na ubora wa vitabu. Hoja haikupita, wengi waliikataa na waziri akasimama imara kwamba mambo yako sawa. Mwezi uliofuata matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yakatangazwa, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na mwezi Mei matokeo yakapangwa upya. Mimi nilikuwa bado nafundisha, na ninakumbuka jinsi chumba cha walimu kilivyokuwa siku ile. Niambieni sasa, hoja ile ilishindwa au ilishinda?

#5 Soweto Moshi

Mzee shikamoo. Ilishindwa bungeni ikashinda katika vyeti vya watoto wetu, jambo ambalo ni bora lisingetokea.

Lakini Mzee, mwaka huo Mbatia alikuwa mbunge wa kuteuliwa na Rais Kikwete. Vunjo alikuja kuishinda 2015 alipomwangusha mzee Mrema wa TLP. Mbunge aliyepewa kiti na Rais tumhesabu upande gani?

#6 Mzee wa Majengo (Moshi)

Marahaba. Tumhesabu kwa alichosema. Aliteuliwa na Rais, akasimama kuihoji Serikali ya Rais huyohuyo, na chama chake kilikuwa cha upinzani. Kama hilo halitoshi kuwa mpinzani, basi niletee kipimo chako.

#7 Mwalimu wa Kiboriloni (Moshi)

Ninashukuru kwa michango. Mzee wangu, hoja binafsi na muswada binafsi ni vitu viwili. Hoja inaomba Bunge liazimie, muswada unataka sheria. Mfano wa Mbatia unathibitisha kwamba mbunge anaweza kuona mbali, na mimi sikulikana hilo. Nilichouliza ni kama anaweza kutunga.

Kwako Wakili, ikiwa Ibara ya 99 ndiyo kizuizi, Lennon aliwezaje? Serikali ya kule haina hazina ya kulinda?

#8 Dada wa Kijenge (Arusha)

Nimewahi kusoma Glasgow, na suala hili nililifuatilia kwa karibu, kwa hiyo niongeze machache.

Kwanza, hata Uskoti kizuizi kipo. Muswada wa mbunge wa kawaida unaogharimu fedha za umma unahitaji azimio la fedha, na azimio hilo linaweza kuletwa na mjumbe wa Serikali pekee. Kwa maana hiyo Lennon naye hakuwa na uwezo wa kuifikia Hazina bila ridhaa ya walioishika. Alitangaza pendekezo lake mwaka 2017, akakusanya maoni ya wananchi, akaungwa mkono na wabunge wa vyama vingine kama kanuni zao zinavyotaka, na muswada ukaingia rasmi Aprili 2019. Serikali ya SNP haikuupenda mwanzoni, hoja yao ikiwa gharama, na pia kwamba wao tayari walikuwa wakigharimia ugawaji katika shule na vyuo tangu mwaka 2018. Walibadili msimamo Februari 2020, siku chache kabla ya kura ya hatua ya kwanza. Kilichowabadili ni shinikizo la vyama vya wanafunzi, mashirika ya wanawake na vyama vingine vyote bungeni. Uchaguzi nao ulikuwa unakuja mwaka 2021.

Pili, na hili ninaona ndilo linalomjibu Mwalimu: Bunge la Uskoti halina mamlaka juu ya VAT. Kodi hiyo inaamuliwa London, ambako VAT ya taulo za kike ilifutwa Januari 2021. Kwao mlango wa kodi ndio uliofungwa, wa ugawaji ukawa unafunguka kwa ridhaa ya Serikali. Kwetu ni kinyume chake, kama alivyoeleza Wakili. Kila mmoja alipita upande aliouona unasogea.

#9 Wakili wa Sekei (Arusha)

Dada amenisaidia. Ninakubali kwamba kizuizi cha fedha si cha kwetu peke yetu, lakini tofauti inabaki: kule SNP haikuwa na wingi wa kutosha bungeni katika miaka ile, kwa hiyo vyama vingine vikiungana Serikali inashindwa. Hapa chama tawala kimekuwa na wingi mkubwa katika kila Bunge tangu vyama vingi virudi. Mwongezee mbunge wa chama tawala hofu ya Ibara ya 71, kwamba akipoteza uanachama anapoteza na ubunge, kisha niambie ni nani atakayesimama kuunga mkono muswada wa mpinzani.

#10 Mhasibu wa Ungalimited (Arusha)

Ninarudi kwa Duka Mbuyuni (#2), kwa sababu jambo alilolisema limepitwa haraka.

Kusamehe VAT na kutoza VAT kwa kiwango cha sifuri ni mambo mawili tofauti, na watu wengi, wakiwamo waheshimiwa, hawakulitilia maanani. Bidhaa ikisamehewa, kiwanda hakimtozi mnunuzi VAT, lakini pia hakiruhusiwi kudai kodi ambayo kimekwisha kuilipa kwenye malighafi, vifungashio na huduma zilizotumika kuizalisha. Kodi hiyo inageuka kuwa gharama na kufichwa ndani ya bei. Ingekuwa kiwango cha sifuri, kiwanda kingerudishiwa. Kwa hiyo asilimia 18 haikuwa inaondoka yote hata kama kila mfanyabiashara angekuwa mwadilifu, na anayeagiza kutoka nje alinufaika kuliko anayezalisha hapa. Juu ya hayo, hakuna sheria iliyomlazimisha muuzaji wa jumla kushusha bei.

Waziri wa Fedha, Dkt. Mpango, alipoleta bajeti ya 2019/20 alisema wazi kwamba msamaha ulikuwa haumfikii mtumiaji, akaufuta. Badala yake akapendekeza kodi ya mapato ya kampuni ishuke kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili kwa wawekezaji wapya wa viwanda vya taulo za kike. Kwa maneno mengine, nafuu iliyokusudiwa kwa binti wa shule ikahamia kwa mwenye kiwanda.

Lawama yangu kwa upinzani iko hapa: walishangilia msamaha mwaka 2018 badala ya kudai kiwango cha sifuri na namna ya kufuatilia bei. Ushujaa ulikuwapo, kilichopungua ni mhasibu mmoja ndani ya kambi yao.

#11 Duka Mbuyuni (Moshi)

Kumbe wahasibu nao wanatafuta ajira kupitia uzi huu wa mjadala. Lakini maelezo yako yananipa picha ambayo yule muuzaji wangu wa jumla hakunipa. Ninachoweza kuongeza ni kwamba mwaka uliofuata, kodi iliporudi, bei ilipanda bila kuchelewa, na siku hiyo hakuna aliyenieleza habari za mzigo wa zamani.

#12 Mama wa Njoro (Moshi)

Nimesoma kote na ninaona mnazungumzia Katiba na kodi, lakini hamjagusa hali ya waliobeba hoja hiyo. Wengi walikuwa wanawake wa viti maalumu. Mbunge wa viti maalumu hana jimbo, na kwa kuwa hana jimbo hana Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Anaingia kupitia orodha ya chama, na muhula ukiisha chama ndicho kinachoamua kama atarudi. Hata akifanya kazi ya kutukuka kuhusu mabinti wa shule, hakuna kata itakayompigia kura kwa ajili ya kazi hiyo. Anayetaka kuwa na uhakika wa kesho anajitahidi kuwapendeza wakubwa wa chama, jambo linalotumia muda uleule ambao ungetumika kuandika miswada anayoitaka Mwalimu.

Binti wa dada yangu alisoma sekondari moja ya kata huko juu mlimani. Kila mwezi alikosa shule kwa sababu hiyo tunayoizungumzia, na mama yake alidhani ni uvivu. Sikuwahi kumsikia mbunge wa jimbo, wa chama chochote, akilitaja jambo hilo katika mkutano wa hadhara. Nililisikia kwa mara ya kwanza likisemwa bila aibu na mbunge wa viti maalumu, redioni. Hilo pekee lilibadilisha mazungumzo nyumbani kwetu, na halihitaji kuwa sheria ili lihesabiwe.

#13 Afisa Mstaafu (Arusha)

Mama wa Njoro amesema kweli, lakini mwaka 2016 ndio ambao TBC iliacha kurusha moja kwa moja vikao vingi vya Bunge. Tangu hapo mwananchi wa kawaida alibaki na vipande alivyochaguliwa, na asiyekuwa na uvumilivu wa kusoma Taarifa Rasmi za Bunge alihukumu kwa kusikia. Maswali ya Alhamisi kwa Waziri Mkuu, maswali ya nyongeza, mbunge kushika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apate maelezo: hayo ndiyo mahali ambapo mambo madogo ya ustawi yanasogezwa, na hayaonekani. Hotuba za Kambi Rasmi ya Upinzani nazo zilikuwa zikisomwa baada ya kila wizara, zenye takwimu na mapendekezo. Baada ya 2020 upinzani haukufikia asilimia 12.5 ya wabunge inayotakiwa na kanuni ili kuwa na kambi rasmi, hotuba hizo zikakoma.

Niseme na upande wa pili, kwa sababu nilikaa serikalini miaka mingi. Mara nyingi mtaalamu wizarani ana wazo lake mezani tangu zamani, mbunge analisema, waziri analitekeleza, kisha kila mmoja anadai ni lake. Mtakumbuka Oktoba 2016 hapa Arusha, Lema akiwa mbunge na Gambo akiwa mkuu wa mkoa, jinsi walivyolumbana hadharani katika uwekaji wa jiwe la msingi la hospitali ya mama na mtoto kuhusu historia ya mradi na nani wa kushukuriwa. Wageni waliotoa fedha walikuwa wamekaa mbele wakitazama.

#14 Soweto Moshi

Afisa, siku ile mama na mtoto wenyewe hawakupewa kipaza sauti.

#15 Kibosho Juu (Moshi)

Mwalimu aliuliza sheria. Mimi ninaona njia ya Bunge ndiyo dhaifu kuliko zote katika haki za binadamu. Umri wa kuolewa kwa wasichana ulipingwa mahakamani na Rebeca Gyumi, ambaye si mbunge. Mahakama Kuu ilitamka Julai 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Serikali ilipewa mwaka mmoja wa kurekebisha, na mwaka huo ukapita bila marekebisho.

Njia nyingine ni ile ya Zitto Kabwe. Januari 2020, akiwa mbunge wa Kigoma Mjini kupitia ACT-Wazalendo, aliiandikia Benki ya Dunia akiitaka isitishe mkopo wa elimu wa dola milioni 500 kwa sababu, pamoja na mambo mengine, wasichana waliopata mimba walikuwa hawaruhusiwi kurudi katika shule za kawaida. Benki iliahirisha uamuzi, kisha ikaidhinisha mkopo mwezi Machi. Novemba 2021 Serikali ikatangaza kwamba wasichana hao wanaweza kurudi. Hakuna muswada hata mmoja uliotumika hapo.

#16 Mzee wa Majengo (Moshi)

Kibosho, hapo nitakupinga kwa nguvu. Mbunge anayeomba fedha za madarasa zizuiwe hajatetea mtoto yeyote. Mkopo ule ulikuwa wa shule za sekondari, na watoto waliosubiri madarasa hawakuwa na kosa. Isitoshe, kati ya barua ya Januari 2020 na tangazo la Novemba 2021 nchi ilibadilisha Rais. Unaunganisha mambo mawili yaliyotengwa na jambo kubwa la katikati.

#17 Dada wa Kijenge (Arusha)

Shikamoo Mzee. Ninakuelewa, lakini swali la wasichana waliofukuzwa halikuwa na mlango mwingine uliobaki. Juni 2017 Rais Magufuli alikwisha kusema kwamba katika utawala wake hawatarudi. Mbunge wa upinzani ambaye bungeni wenzake ni wachache, ambaye televisheni haimwonyeshi, na ambaye muswada wake utaangukia Ibara ya 99, ataenda wapi? Kupinga njia aliyochagua kunaeleweka. Kumwambia angekaa kimya ni jambo jingine.

#18 Mzee wa Majengo (Moshi)

Marahaba mwanangu. Sikusema akae kimya. Nilisema asiguse madarasa.

#19 Wakili wa Sekei (Arusha)

Mjadala umefika mahali pazuri, na ninaomba niongeze jambo kuhusu wazee, kwa kuwa Mzee wetu yupo. Ibara ya 11 ya Katiba inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wakati wa uzeeni, maradhi au ulemavu. Maneno mazuri sana. Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Kwa hiyo mzee asiye na pensheni hawezi kwenda mahakamani kudai Ibara ya 11, na mbunge wa upinzani hawezi kuleta muswada wa pensheni ya wazee wote kwa sababu ya Ibara ya 99. Zanzibar walianza kulipa pensheni jamii Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, na hiyo ilitoka serikalini. Bara tuna TASAF kwa kaya masikini, ambayo ni mpango na si haki.

Kinachobaki mikononi mwa mpinzani ni kuuliza, kuhoji na kuaibisha. Ninajua Mwalimu hataridhika.

#20 Mwalimu wa Kiboriloni (Moshi)

Siridhiki, Wakili, kwa sababu si haki zote zinazohitaji Hazina. Kukataza ubaguzi kazini hakugharimu bajeti. Kurekebisha Sheria ya Ndoa hakugharimu bajeti. Hapo Ibara ya 99 haina la kusema, na upinzani ulikuwa na wabunge zaidi ya mia moja baada ya uchaguzi wa 2015. Muswada binafsi ungeletwa hata kama ungeshindwa, ili tujue nani alipiga kura gani. Kushindwa kwa kumbukumbu ni tofauti na kutojaribu.

#21 Afisa Mstaafu (Arusha)

Mwalimu, miaka hiyo ndiyo ambayo Lema alikaa mahabusu Kisongo kuanzia Novemba 2016 hadi Machi 2017 bila dhamana, Lissu akapigwa risasi Dodoma Septemba 2017, na Nassari wa Arumeru Mashariki akavuliwa ubunge mwaka 2019 kwa kukosa mikutano mitatu. Kambi iliyotumia muda wake mahakamani na hospitalini haikuwa na utulivu wa kuandika miswada. Ninasema hivi ingawa siku zote nimeipigia kura CCM.

#22 Mhasibu wa Ungalimited (Arusha)

Hilo la Afisa lina uzito kwa wabunge aliowataja, lakini halielezi wengine wote waliokuwa Dodoma kila siku wakisaini posho. Halielezi pia miaka ya 2010 hadi 2015, ambapo hali ilikuwa na nafuu. Kipindi hicho Lindi Mjini walikuwa na Salum Barwany wa CUF, mtu mwenye ualbino wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuingia bungeni, wakati mauaji ya watu wenye ualbino yakiwa yanaendelea. Kuwapo kwake tu kulikuwa hoja. Wengine walikuwa na nafasi hiyohiyo na hawakuifanyia kitu.

#23 Duka Mbuyuni (Moshi)

Ninyi wasomi mmezunguka Dodoma, London na Glasgow. Mwalimu alisema sheria ya Uskoti inazibebesha halmashauri jukumu la kugawa. Baada ya uchaguzi wa 2015 halmashauri ya Jiji la Arusha, Manispaa ya Moshi na Hai zilikuwa chini ya CHADEMA. Hapo hakukuwa na Ibara ya 99 wala Rais. Je, ni baraza gani la madiwani lililotenga fungu la taulo za kike katika mapato yake ya ndani?

#24 Diwani wa Zamani (Moshi)

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini Duka amenigusa. Nilikuwa diwani kipindi hicho, na chama sitakitaja.

Bajeti ya halmashauri haimalizwi na madiwani. Inakwenda mkoani, inakwenda TAMISEMI (wizara inayosimamia serikali za mitaa), inarudi ikiwa na maelekezo, na sehemu ya mapato ya ndani imekwisha kupangiwa matumizi kabla hamjakaa: asilimia 10 ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, asilimia kubwa nyingine ni miradi ya maendeleo. Mkurugenzi anayeshika fedha hateuliwi na baraza. Nilipopendekeza fungu la taulo kwa shule za kata yangu niliambiwa na wenzangu, wa chama changu mwenyewe, kwamba shule hazina matundu ya vyoo ya kutosha na kwamba taulo zitatupwa wapi. Tukajenga vyoo. Sikuona kama nimeshindwa wakati ule.

#25 Mama wa Njoro (Moshi)

Mheshimiwa, asante kwa kujitokeza. Nina swali moja tu. Katika vyoo hivyo mlivyojenga, mliweka chumba cha wasichana kujisitiri chenye maji na mahali pa kuchomea taka, au yalikuwa matundu peke yake?

#26 Diwani wa Zamani (Moshi)

Shule mbili tuliweka. Nyingine zilibaki matundu peke yake, kwa sababu ramani iliyoletwa haikuwa na chumba hicho na mhandisi alikataa kuibadilisha bila kibali. Kibali tuliomba. Mpaka ninatoka madarakani mwaka 2020 hakikuwa kimejibiwa.

#27 Mwalimu wa Kiboriloni (Moshi)

Diwani, kama barua ya kuomba kibali ilipita kwenye vikao, itakuwa kwenye mihutasari ya baraza, na mihutasari hiyo ni ya umma. Wakili, mwananchi wa kawaida anaanzia dirisha gani kuiomba?

#28 Wakili wa Sekei (Arusha)

Anaiandikia halmashauri kwa jina la Mkurugenzi, akitumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na halmashauri ina siku 30 za kujibu. Ambatanisha mwaka wa kikao, ama sivyo watakuambia faili halionekani.